Pimbi na Shimo la Nyoka

Paukwa.

Mbona wengine wamenyamaza? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, Kanga alitaga mayai kumi na moja chini ya mwamba. Hatua tatu kutoka kiotani, nyuma ya mwamba, palikuwa na shimo, na ndani ya shimo alikaa nyoka. Kanga alishikwa na kiu. Tangu juzi hajanywa. Lakini ataondokaje?

Jirani yake alikuwa Pimbi, fundi wa mawe. Kanga akamwomba alizibe lile shimo, Pimbi akakubali. Ila pimbi hawagusi kazi mpaka mgongo ushike joto, ndiyo mila yao. Akapanda mwambani, akajilaza juani, tuli.

Kanga akauliza kama shimo limezibwa. Pimbi akamhakikishia. Jua likapanda. Akauliza tena, akahakikishiwa tena. Jua likafika utosini. Akauliza mara ya tatu, koo linakwaruza.

"Dada, una wasiwasi kama kuku mgeni," akasema Pimbi, macho kayafumba. "Nimekuhakikishia mara ngapi?"

Kanga akaenda mtoni, chapuchapu. Funda moja. Funda la pili. Moyo ukakataa. Akarudi mbio, puru, puru, puru.

Akamkuta Kobe amekaa juu ya shimo. Chini yake nyoka anasukuma: du! du! du!

"Nilisikia umeambiwa limezibwa," akasema Kobe. "Nikaona nipite nitazame. Lilikuwa wazi. Rudi ukanywe, mama. Mimi nipo."

Kanga akayahesabu mayai. Kumi na moja. Kisha akamgeukia Pimbi.

"Ulikwenda kulitazama shimo?"

"Jiwe nilishalichagua," akasema Pimbi.

"Sikuulizi jiwe, kaka."

"Lakini nilikuhakikishia."

"Ulinihakikishia mimi. Shimo hukulihakikisha. Wanangu wangelala ndani ya maneno yako?"

Pimbi akashuka, akalisukuma jiwe, kru, kru, Kobe akasogea kidogo kidogo mpaka mdomo wa shimo ukafunikwa. Kanga akaligonga jiwe kwa mdomo wake, ko, ko, huku na huku. Halikutikisika. Ndipo akarudi mtoni, akanywa mpaka akatosheka.

Wanangu, na nyinyi wakubwa pia: kumhakikishia mtu ni kumtuliza kwa maneno. Kuhakikisha ni kwenda ukaona. Anayekupenda ndiye anayekwenda akaona.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimechoka kumsema Pimbi.