Misokoto ya Ghalibu na Jini Aliyetamani Moshi

Alikuwako Sultani Jabiri bin Mundhiri, mwenye mji wa Tamarani, mji wa kuta nyeupe na minara mirefu na soko la ubani ambalo harufu yake humlaki mgeni kabla hajaliona lango, na Sultani huyo alikuwa mtu wa haki katika kila jambo isipokuwa jambo alilolitaka mwenyewe, kama walivyo masultani, na kama walivyo wasio masultani.

Na katika mji huo alikuwamo tajiri wa tumbaku, jina lake Ghalibu bin Tamimu, na misokoto yake ilikuwa mashuhuri, minene kama kidole gumba, jani zima limeviringwa juu ya jani zima, na ukiubonyeza mmoja ulibonyea kisha ukarudi, kama shavu la mtoto aliyeshiba. Mkewe alikuwa Zamzamu binti Idarusi. Uzuri wake sitausifu, maana wasifuo uzuri wakianza hawamalizi, na wali unaungua jikoni. Itoshe kwamba Sultani alimwona dirishani mara moja, na tangu siku hiyo chakula kilimwia kichungu.

Ikawa Ghalibu akaazimia safari ya kwenda nchi za mbali kutafuta mbegu bora, na kabla ya kuondoka akamkabidhi mkewe sanduku la mwerezi, ndani yake misokoto aliyoiviringa kwa mkono wake.

Akamwambia, "Mwenzangu, hii ndiyo nitakayoivuta siku nitakayorudi, nimekaa hapa barazani. Nitunzie."

Zamzamu akamjibu, "Hii nitaitunza. Wewe ndiwe sina sanduku la kukutia."

Basi Tamarani ilikuwa na ada yake, kongwe kuliko kuta zake: mume akisafiri huacha nyumbani amana, kitu chake mwenyewe, na amana ikiwa nzima, mume huhesabiwa yu hai, ikiharibika, mume huhesabiwa amekufa, na mke hukaa eda, kisha huolewa na mwingine. Wala amana haitumiwi na mtu yeyote ila mwenye nyumba. Atakayeitumia, huyo ndiye mwenye nyumba. Wenye akili waliacha bakuli la shaba. Ghalibu, kwa mapenzi au kwa ujinga, na viwili hivyo hulala kitanda kimoja, aliacha tumbaku.

Mwaka wa kwanza ukapita na Ghalibu hakurudi, wala barua, wala salamu. Sultani akaja na Kadhi wake baada ya Idi, kama ilivyo ada, wakafunua sanduku, wakakuta misokoto mizima, wakaondoka. Lakini mwaka wa pili Zamzamu alianza kuchoka kuzungumza na mto wa kitanda. Asubuhi alifunua sanduku akainusa misokoto, kwa kuwa mikono ya Ghalibu ilinuka hivyo. Adhuhuri akafunua tena. Magharibi akafunua na kuinama juu yake mpaka ncha ya ukaya wake, ule mtandio wa kichwani, ikaingia ndani. Na kila alipofunua, unyevu ulitoka, na misokoto ikakauka, na mmoja ukapasuka ubavuni. Alipouona ufa akaogopa, akanyunyiza maji kama anyunyizaye mchicha, na alichokosa kunyunyiza kwa mkono alikinyunyiza kwa macho. Na baada ya siku chache msokoto mwingine ukaota ukungu mweupe.

Sultani alipokuja akaona, na moyo wake ukafurahi, ila uso wake akauhuzunisha, akasema, "Ewe binti Idarusi, tumeona ufa, na tumeona msokoto ulioota ndevu mfano wa ndevu za Kadhi wetu. Kwa rehema yetu tunaihesabu amana hii kuwa mgonjwa, si maiti. Itoeni hiyo miwili. Mwakani tutarudi, na tukikuta ufa mmoja au kuvu moja, utakaa eda, na baada ya eda, kasri yetu ina nafasi."

Zamzamu akainama kwa adabu akasema, "Mola wangu, kasri yako ina wake watatu. Hiyo nafasi ni ya kukaa au ya kusimama?"

Kadhi akakohoa ndani ya ndevu zake.

Tangu siku hiyo Zamzamu akajikataza kulifunua sanduku ila mara moja kwa mwezi, lakini ajabu, kila mara aliikuta misokoto imezidi kukauka. Hata siku moja, jua li utosini na mji umejilaza, akapita akagusa kifuniko, akakikuta cha moto kama birika. Hakupiga kelele. Alichukua kanga iliyokuwa mbichi kwenye kamba, akalifunika sanduku lote, akalikalia.

Sauti ikatoka ndani, "Bibi, niondolee maji haya. Nazimika."

"Zimika. Mimi nimezimika mwaka wa tatu huu. U nani?"

"Mimi ni Lahabi, jini katika majini wa jangwa la nyuma ya mji."

"Na watafuta nini katika tumbaku ya mume wa mtu?"

Jini akasema kwa sauti ya aliyeaibika, "Bibi yangu, sisi tuliumbwa kwa moto usio na moshi. Toka nizaliwe nawaka, na sijapata kuuona moshi ukitoka kwangu. Nawaona wanadamu wanakaa, wanavuta, wanautazama ukipanda, na nyuso zao zinatulia. Nami nikasema, kama siwezi kuupata, walau nilale karibu na kitakachokuwa moshi."

Zamzamu akaweka kiganja juu ya kanga, maana aliyekuwa akimsikia ndani ya sanduku alikuwa yeye mwenyewe.

Akamwambia, "Basi tumekuwa wezi wawili wa harufu moja, mimi kwa pua na wewe kwa joto, na baina yetu tunamuua mtu. Nitakutoa. Lakini utanitumikia mpaka misokoto hii iwe salama, na siku itakapowashwa, utakunywa moshi wake. Apa."

Lahabi akaapa kwa kiapo cha majini, na kanga ikaondolewa, akatoka, mwembamba kama utambi, akakaa kwenye rafu ya mbali, penye kivuli.

Na jini wa moto, kwa kuwa adui yake ni maji, huyajua maji kuliko samaki. Akamwagiza Zamzamu atwae kigae cha mtungi usiopakwa rangi, akiloweke, akifute mpaka kisidondoshe tone, akiweke pembeni mwa sanduku kisiguse jani. Na sanduku likae mbali na dirisha na mbali na jiko. Na misokoto ya chini ipandishwe juu na ya juu ishushwe chini, kila Ijumaa, upesi, kisha kifuniko kishuke. Na yeye Lahabi akawa kipimo. Unyevu ukizidi, alipiga chafya zenye cheche, na Zamzamu alikitoa kigae. Ukipungua, alijinyoosha na kuanza kuimba, na kigae kilirudishwa maji. Ukiwa wa kadiri, alisinzia.

"Leo wasinzia vizuri," Zamzamu alimwambia.

"Leo nyumba yako haina kiu wala mafua, bibi."

Na kila Ijumaa, kabla ya kufunua, Zamzamu alijifunga pua kwa kitambaa, mafundo mawili, ili asikawie. Akaigeuza misokoto kwa vidole, akafunika, kisha akakifungua kitambaa uani, penye upepo, mahali ambapo hapanuki kitu. Waliomwona walisema amepata wazimu. Alikuwa amepata akili, nayo huumiza zaidi.

Mwaka ukatimia. Sultani akaja na Kadhi na walinzi, akafunua sanduku, akabonyeza msokoto mmoja mmoja, na kila mmoja ulibonyea ukarudi. Hakuona ufa, hakuona kuvu. Akafikiri, kisha akatabasamu.

"Kwa nje ni mizima," akasema. "Lakini tunda huoza kwa ndani. Haki haitimii mpaka mmoja uwashwe, uvutwe, ijulikane."

Kadhi akayatazama makubadhi yake, maana alifahamu kwamba atakayeuvuta ndiye atakayekuwa mwenye nyumba, na mkono wa Sultani ulikuwa umeshanyooka.

Zamzamu akasema, "Mola wangu amesema kweli. Uwashwe."

Akautwaa msokoto mwenyewe, akauweka mdomoni, na Lahabi, asiyeonekana na mtu, akaugusa kwa ncha ya kidole. Ukashika. Zamzamu akavuta. Wanawake wa Tamarani walitafuna tumbaku, hawakuivuta, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na nyuma ya machozi ya kikohozi yakatoka mengine ya miaka mitatu, yamepata kisingizio. Lakini msokoto hakuuachia.

"Kadhi," Sultani akasema, "sema kitu."

Kadhi akasema, "Mola wangu, ada husema atakayeitumia amana ndiye mwenye nyumba. Haikusema awe na ndevu."

Na kwa kuwa watu walikuwa wakisikiliza hata madirishani, Sultani akawa mtu wa haki kwa lazima, akaenda zake.

Hapo Lahabi akaukumbatia moshi, akaunywa, na mara ya kwanza tangu aumbwe nuru yake ikawa laini. Zamzamu akamwambia, "Nusu."

"Nusu nini, bibi?"

"Nusu ya moshi usiimeze. Mpelekee alipo."

"Nimeungoja tangu babu yako hajazaliwa."

"Nami nimengoja. Tugawane hasara."

Jini akafumba kinywa, akaruka, akamkuta Ghalibu katika mji wa Marjani, ambako, wanasema, alaye asali ya huko huusahau mlango wa kwao. Wanasema asali. Mimi nasema wanaume hawahitaji asali ili wasahau. Lahabi akampulizia usoni, na moshi haukuwa mchungu wala haukunuka kuvu. Ulikuwa kama siku alipouviringa msokoto ule. Vidole vya Ghalibu vikajikunja vyenyewe kama vimeshika jani, akalia, akakusanya mbegu zake na mali yake yote, na jini akambeba.

Ghalibu akabisha hodi.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Zamzamu alikuwa ameingoja sauti hiyo miaka yote. Akaegemea mlango kwa ndani, kipaji cha uso juu ya mbao, akavuta pumzi mpaka zikatulia.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema. "Wewe una haja gani?"

Nje mzigo ukatuliwa chini. Kisha Ghalibu akasema kwa unyenyekevu, "Nimekuja kuposa."

Akaposa, na mahari yake ikawa kila alichorudi nacho, lulu na mbegu na hariri, na Kadhi akawaozesha upya, na mashamba ya tumbaku ya Zamzamu yakamfanya tajiri kuliko hazina ya kasri. Ghalibu akavuta msokoto wake barazani, kwa idhini, na Lahabi akapewa moshi wake kila Ijumaa. Ila Zamzamu, hata mume akiwa amekaa pale nje anacheka na wageni, alipokwenda kulifunua sanduku alijifunga pua kwanza, mafundo mawili, kwa mazoea.

Basi mwenye kupenda kitu asikifunue kila saa, wala asikimwagie machozi; akipe unyevu wa kadiri, na asimame mbali nacho. Na mwenye kusafiri aache bakuli la shaba. Hapa nimefunika sanduku langu.