Alama za Gauni Jekundu

Palikuwa na msichana Nairobi, Kadzo, aliyecheza juu ya barafu akizunguka kama pia. Asubuhi ya mashindano, jaji, tajiri Mwakio, alimwita kando.

“Binti, leo anashinda mpwa wangu Wakesho, utake usitake.”

“Sawa, mzee,” alisema Kadzo kwa unyenyekevu. “Lakini miwani huvai, na wachezaji tunaitwa kwa namba tu. Utamjuaje kwa mbali?”

“Mama yake amemshonea gauni jekundu. Hakuna mwingine aliye nalo.”

“Basi nimekwisha,” alisema Kadzo, akaondoka ameinamisha kichwa.

Gauni la buluu lilitangulia, likacheza vizuri, na Mwakio akalipatia alama mbili tu. Kisha likaingia jekundu, likaruka na kuzunguka hadi watu wakasimama. Mwakio akainua kibao cha alama kumi kabla muziki haujaisha.

Mshindi alipomkaribia kuvishwa medali, Mwakio alishtuka. Alikuwa Kadzo!

“Gauni hilo umelitoa wapi?” alinong'ona kwa hasira.

“Wakesho alilipenda langu la buluu, tukabadilishana. Kama umekosea, mzee, kipaza sauti kile pale. Waambie watu ulikuwa ukipima nini.”

Mwakio akamvisha medali, huku jasho likimtiririka kando ya barafu.