Chumba Kisichouzwa

Wamesimulia waliotutangulia kwamba siku ya kuuzwa nyumba kongwe ya mtaa wa wafumaji walikuwapo wanne tu: Bi Zaharani, mjane aliyekuwa akiiuza, Hilali, mfumaji aliyekuja kuinunua, mkewe Salha, mja mzito, na Sheikh Mughni, kadhi wa mji. Allah awarehemu wote.

Bi Zaharani aliuza apate nauli ya Hija. Umri ulikuwa umekwenda, na mnunuzi mwingine hakuwapo.

Desturi ya mji ule, muuzaji humpitisha mnunuzi chumba kwa chumba, na penye kila mlango humtajia aibu ya mahali pale.

"Hapa huvuja masika," alisema Bi Zaharani. "Hapa boriti imeliwa na mchwa. Na jiko hili lina moshi, mwanangu, utalia bila kufiwa."

Salha akacheka, akamshika mkono kumvusha kizingiti. Wema ule ulimtia bibi simanzi, maana ulibaki mlango mmoja, na siri yake aliijua yeye peke yake. Akinyamaza, atakwenda Maka. Akisema, huenda asiende kamwe. Akasimama, akasoma bismillahi.

"Hiki si changu kukiuza. Nyumba aliijenga Bwana Muhadhar, akamwachia bintiye, Bi Somoe. Bi Somoe alijifungua safarini, njiani, mtoto akafa. Ndipo akakiweka chumba hiki wakfu kwa mja mzito yeyote asiye na kwao. Nyumba akairithi mpwa wake, mama yangu, kisha mimi. Mashahidi wote wamekwisha kufa."

Hilali akakunja uso. "Bibi, chumba kizuri ndicho hiki! Mbona jana hukusema?"

"Jana nilikuwa naiona Maka tu, mwanangu. Nisamehe."

"Una haki ya kuacha, Hilali," alisema kadhi.

Salha akaketi kizingitini, akashika tumbo, akacheka mpaka machozi. "Bwana we, tangu tuoane tunalala kwa watu. Huyo mja mzito asiye na kwao ni nani kama si mimi? Wewe nunua vilivyobaki. Mimi changu nimeshapewa!"

Kicheko kikamshinda Hilali naye, akampa bibi mkono wa kukubali. Mama wa watu akashusha pumzi, akamhimidi Mola wake.

Ndugu zangu, mja huyu alikuwa tayari kuikosa Maka kwa ajili ya haki ya wanawake asiowajua. Mola atujaalie moyo kama huo.

Bi Zaharani alihiji mwaka uleule.