Mgongo wa Bi Namsifu

Siku ya kulima ilipofika, Bi Namsifu alilala mkekani kando ya shamba akiugulia mgongo. Mbonea mnyoosha mifupa na Msangi mkandaji walifika mbio, kila mmoja akitaka jogoo wa malipo ya tiba.

"Huyu atakuvunja kiuno," alisema Msangi.

"Na huyu hupaka watu mafuta kama chapati," alijibu Mbonea. "Chagua!"

Bi Namsifu aliitazama mikono yao laini.

"Nimchague nani, na hamjawahi kuinama? Shikeni majembe kwanza, mjue panapovuta. Atakayepajua ndiye wangu."

Walishindana mpaka tuta la mwisho, wakarudi wamepinda kama ndoano.

"Haya, nani?" walihema.

Bi Namsifu aliinuka wima, akakunja mkeka.

"Mgongo ulinishika kwa kulifikiria shamba hili, na sasa limeshalimwa. Wagonjwa ni nyinyi. Nyooshaneni."