Mdudu wa Magotini mwa Kibonge

Hapo zamani za kale, mbwa walipokuwa na nyumba zao na vyungu vyao, palikuwa na ua mmoja wenye chungu kimoja. Sogeeni, lakini msijiandae kucheka sana. Hadithi hii ina makaburi mawili.

Chungu kilikuwa cha Mzee Gungu, jibwa kubwa kama ndama. Desturi yake ilikuwa hii: chungu kinafunuliwa mara moja kwa siku, jua likizama, na mwenye mwili mkubwa anakula kwanza. Mwanawe, Kibonge, alikula sinia zima mpaka tumbo likawa ngoma. Wengine waliramba ukoko.

Uani humo aliishi pia Bi Zawena, mbwa mdogo, umbo la paka. Alizaa watoto watatu. Tumbo la kitoto cha mbwa mdogo ni kama kifuu, haliweki akiba ya kutwa nzima. Wawili walitetemeka mchana, wakalegea, wakanyamaza. Aliwazika nyuma ya jiko. Akabaki na Punje.

Siku moja Punje naye akaanza kutetemeka. Bi Zawena akaenda moja kwa moja.

"Hodi, Mzee Gungu! Nipe kijiko kimoja asubuhi na kimoja mchana. Mwanangu anakufa."

"Ebo! Kijitu kama kile kinataka kula mara ngapi? Jua likizama, aje."

"Hatalifikia hilo jua! Na mwanao unamharibu. Unamjaza, anakuwa mzito na mifupa bado laini. Tazama miguu ilivyopinda!"

"Wivu huo! Huyu ni wa ukoo wa majibwa. Toka!"

Haya. Ukweli aliusema, tena mchana kweupe, akafukuzwa. Kwa alilofanya baada ya hapo, mimi simlaumu hata kidogo.

Kibonge akainuka kumtazama Bi Zawena. Ko! Ko! Magoti yakalia. Bi Zawena akaruka nyuma.

"Lahaula! Mzee, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Weka sikio gotini pake."

Mzee Gungu akainama. Ko! Ko!

"Mama yangu! Ni nini hiki?"

"Mdudu. Anaguguna mfupa. Huwaandama watoto wanaokula sinia zima kwa mpigo mmoja. Saa ya chakula anaijua, anaingoja."

"Baba," Kibonge akalia, "kweli panauma."

Mzee Gungu akakaa chini, puu! "Dawa yake, Bi Zawena?"

"Mvurugie mdudu saa yake. Mtoto ale kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo alasiri, kidogo jioni. Tumbo lisijae mno. Na kila mara kinachobaki kisikae humu, harufu itamwita. Nitakibeba mimi. Punje atakila; yeye ni mfupi, mdudu hapati pa kukaa."

"Beba, mama, beba! Beba hata sasa hivi!"

Akabeba. Siku hiyo hiyo Punje alikula mara tatu, na kutetemeka kukakoma.

Kibonge akapungua kitambi. Miguu ikanyooka polepole, na masika yalipokwisha alikuwa akikimbia. Mzee Gungu akaweka sikio gotini. Kimya.

"Amekufa!" akabweka. "Bi Zawena, nionyeshe alipozikwa mdudu yule nikamtemee mate!"

Bi Zawena akamwongoza hadi nyuma ya jiko. Palikuwa na vijilima viwili vya udongo, vidogo, nyasi zimeshaota juu yake.

"Yupi kati ya hawa?"

"Hawa ni wanangu, Mzee. Mdudu hakuwapo. Lilikuwa sinia lako."

Mzee Gungu akafunua kinywa abweke. Upande wa pili wa ukuta Kibonge na Punje walikuwa wakila, nyap, nyap, nyap. Akakifunga. Mate aliyokuja kutema akayameza.

Basi jueni hivi: matumbo ya watoto hayalingani, na anayewalisha bila kuwatazama anawazika.