Fisi na Mayai Viza ya Kanga

Zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafua nguo na kugombania zamu ya kufagia, palikuwa na baraza la msako. Siku hiyo walikuwepo hawa: Mtemi Tembo, mkubwa wa nchi, Korongo, mgawaji wa posho, Ngiri, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, Fisi na gongo lake, Kanga, ambaye majirani walimwita Mama Madoa, pamoja na vifaranga wake, na Pimbi, mdogo kuliko wote ukiwaondoa vifaranga. Wengine walikuwa wamekwenda kutafuta maji.

Sogeeni karibu, wanangu, niwaambie baraza hilo lilitoka wapi.

Mwaka ule mvua iligoma. Mashamba yakakauka. Mtemi Tembo akafungua ghala la nchi na kusema, "Mwenye watoto apewe unga kwa kila mtoto. Mwenye kilema apewe mfuko wake. Sisi wengine tutajibana."

Korongo akapita nyumba kwa nyumba. Kwa Kanga alimkuta mama amelalia mayai, na Madoa, mwanawe wa kwanza, anacheza mlangoni.

"Hodi, Mama Madoa! Una watoto wangapi?"

"Karibu, kaka Korongo. Mtoto ni Madoa tu. Hawa wengine bado mayai."

"Bado mayai! Dada, mimi ni ndege kama wewe. Kwetu sisi yai ni mtoto aliyelala. Nawahesabu wote."

"Una hakika? Nisije nikapata matatizo baadaye."

"Matatizo gani, na mgawaji ni mimi?"

Kanga akapokea unga, akashukuru. Lakini si mayai yote yaliyoanguliwa. Mengine yalikuwa viza. Wenzao walipokwisha kutoka, Kanga aliendelea kuyalalia, akiyageuza, akiyategea sikio. Kimya. Mwishowe akayafukia nyuma ya nyumba, wala hakumwambia mtu. Unga nao ulikuwa umeshaliwa.

Na haukuliwa na watoto wake peke yao. Mtoto wa Pimbi alipopata homa, Kanga alikoroga uji akampelekea mwenyewe, bakuli limefunikwa kwa jani ili usipoe.

Jirani wa Kanga alikuwa Fisi. Fisi alipata unga wa watoto wake, tena alipata na mfuko wa vilema. Alipataje? Siku Korongo alipopita, Fisi alishika gongo, akashusha nyonga, akalia, "Aai, mguu wangu! Aai!" Korongo alipoona mgongo umeinama nyuma namna ile, akamhurumia. Korongo huruka, hajui fisi wanavyotembea.

Basi ndani kwa Fisi mlikuwa na unga mpaka unamwagika. Lakini je, alikuwa na raha? Hata kidogo! Kila asubuhi alipanda kwenye kichuguu kuchungulia uani kwa Kanga.

"Mke wangu, njoo uone! Moshi ule pale! Anapika tena!"

"Mwache apike. Na sisi si tunapika?"

"Lakini vifaranga wake wanacheka! Wanacheka nini? Mtu aliyeshiba sawasawa ndiye anayecheka hivyo."

"Kwani wewe hujashiba, Baba Kijino?"

"Nimeshiba, lakini nimeshiba bila kucheka!"

Wivu ukamkaba kooni kama mfupa. Akala, hakusikia ladha. Akalala, akaota chungu cha Kanga. Siku moja katika kuchungulia kwake akaona mahali palipofukiwa nyuma ya nyumba. Akaparua, akakuta mayai. Akanusa. Viza!

"Uuu-wiii!" akacheka. "Nimempata!"

Tok, tok, tok, na gongo lake mpaka kwa Mtemi. "Shikamoo, Mtemi. Kuna watu wanakula unga wa watoto wasiokuwepo!"

Tembo alikasirika hata masikio yakapiga upepo. "Katika njaa hii? Basi uwepo msako! Nani atausimamia?"

"Mimi, Mtemi," Fisi akasema, "ingawa mguu huu, aai, unaniua."

Msako ukaanza. Fisi hakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Alikwenda kwa Kanga, na siku iliyofuata baraza likakaa uwanjani.

"Mama Madoa," akauliza Tembo, "ulipokea unga wa watoto ambao huna?"

Kanga akainamisha kichwa. "Nilipokea, Mtemi. Nilipoambiwa nipokee, walikuwa bado mayai ya moto. Nilidhani wote watatoka."

"Mwizi wa viza!" Fisi akapiga gongo chini. "Aurudishe unga wote leo hii! Hana? Basi achukuliwe chungu, na vifaranga wakatwe posho mpaka mvua inyeshe!"

Vifaranga wakajisukuma chini ya mbawa za mama yao. Madoa akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, tukikatwa posho tutakula nini?" Kanga akamvuta karibu. Alimfunika tu.

"Mtemi," Korongo akaanza, "nadhani aliyewahesabu ni—"

"Mgawaji hajaulizwa!" akafoka Fisi, na Korongo akarudisha shingo yake nyuma.

Tembo akakuna kichwa. "Nipisheni nifikiri kidogo."

Hapo Pimbi alikuwa ameshaanza kuzunguka, huyo hapa, huyo pale. Akasimama kwanza kando ya Ngiri.

"Kaka Ngiri, ulipotoka nyumbani uliacha nini jikoni?"

Ngiri akakodoa macho. "Maharage! Mama wee, maharage yangu!"

Nanyi mnamjua Ngiri akikimbia: mkia wima kama bendera. Akakata uwanja, puku-puku-puku-puku, vumbi nyuma.

Pimbi akarukia upande wa Fisi, akaangalia juu kama mtu anayetazama mawingu.

"Umemwona Ngiri, Bwana Fisi? Mkia juu!"

"Nimemwona. Anakwenda wapi?"

"Mimi? Mimi nisiseme. Mimi si mmbea."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kuna kitu kinagawiwa?"

"Nimesema kuna kitu?"

"Basi mbona anakimbia hivyo?"

"Bwana wee, kwani mtu akikimbia hivyo mwaka wa njaa, huwa anakimbilia nini?" Pimbi akapiga mwayo. "Lakini wewe tulia. Wewe mgonjwa. Mwache Ngiri apate peke yake."

Peke yake! Neno hilo likamwingia Fisi kama pilipili puani. Akamwona Ngiri anazidi kuwa mdogo kule mbali, mkia wima, amefurahi, anakwenda kupata. Kupata nini? Fisi hakujua. Alijua tu kwamba atapata Ngiri na hatapata yeye.

"Haiwezekani," akanong'ona. Mate yakamtoka. "Haiwezekani! Kwa nini yeye?"

Gongo likaanguka, pu!

Na Fisi huyoo! Miguu minne yote, vuuu, kama jiwe lililotupwa! Akamfikia Ngiri katikati ya uwanja, akampita, akaruka ua wa Ngiri bila kuugusa, akaingia jikoni, akatumbukiza mdomo chunguni.

"Uuuwi! Hoo! Hoo! Moto!"

Akatoka mbio kwa njia ile ile, maharage puani, akaruka ua tena, akasimama mbele ya baraza akihema. Mtemi Tembo alikuwa ameokota gongo.

"Bwana Fisi," akasema taratibu, "mguu mbovu ni upi?"

Fisi akatazama miguu yake mmoja mmoja. "Mtemi… umepona! Umepona sasa hivi!"

Pimbi akacheka mpaka akakaa chini. Hata Kanga alisahau huzuni yake kidogo.

"Shukuru Mungu," akasema Tembo. Kisha akanguruma, "Umekula mfuko wa vilema kwa uongo, halafu ukasimamia msako! Toka katika nchi yangu! Na chungu chako kichukuliwe leo!"

Korongo akanyoosha shingo, safari hii hakuirudisha. "Mtemi, na mimi nihukumiwe. Mama Madoa aliniambia ni mayai. Akaniuliza kama nina hakika. Mimi ndiye niliyemwambia apokee."

"Basi huyu mama hana deni," akasema Tembo. "Kosa ni letu sisi tuliogawa. Mama Madoa, nisamehe kwa kukusimamisha hapa, na pole kwa watoto."

Hakuna aliyekuwa amempa Kanga pole kwa yale mayai. Alilia wakati huo, si kabla. Kisha akajifuta, akaona Fisi anatweta, mdomo umevimba. Akachukua kata ya maji akamwekea mbele.

"Mtemi," akasema, "ana watoto pale nyumbani. Hawakudanganya wao. Chungu waachie."

Fisi akanywa maji macho chini. Naye Tembo akafikiri tena, safari hii bila hasira. Akaamua Fisi abaki, watoto wake waendelee na unga wao, bali yeye abebe magunia ya ghala kila siku mpaka jasho lake lifidie mfuko alioula. Na msako mwingine ukitokea, aulizwe kwanza mgawaji, kisha mlaji.

Wanangu, aliyepewa kwa makosa si sawa na aliyechukua kwa uongo, na mwenye wivu hafai kupewa kazi ya kuwasaka wenzake.

Mvua ilinyesha mwezi uliofuata, na ghala likafungwa.