Nyamizi na Majeshi Mawili

Mtemi Lugendo alipotangaza kwamba atalitwaa bonde la Mwilima, wenyeji, ambao hawakuwa na jeshi, walimtuma Nyamizi akazungumze naye.

“Bonde ni lako, Mtemi,” Nyamizi alisema, amepiga magoti. “Ila jirani yako Shigela amepanga jeshi lake ng'ambo ya pili. Siku utakayoingia bondeni, naye ataingia kwako.”

“Thubutu yake!” Lugendo alifoka. “Jeshi langu likae ukingoni, limkodolee macho. Mtu asivuke!”

Basi majeshi mawili yakakodoleana macho msimu mzima, na katikati watu wa Mwilima wakavuna ulezi wao kwa nyimbo.

“Mama Holo, hivi Shigela alianza lini kulitaka bonde letu?” mumewe Nyamizi alimwuliza.

“Hana habari nalo,” Nyamizi alijibu huku akipepeta. “Nilipita kwake kwanza, nikamwambia Lugendo anakuja kumvamia yeye.”